Pawa Saplai ya Simiti

Poni mwanangu,

Ya kuulizana hali tuyaruke. Wewe u mzima, nimekuona asubuhi ukimaliza chapati nne na bado unachungulia sufuria. Mimi pia ni mzima, ila nina neno ambalo nimelibeba wiki nzima kama mtu aliyeficha kuku ndani ya kanga: kila nikifungua mdomo linataka kupiga kelele, nalibana tena. Sasa umeenda Rejaf kumuaga nyanya yako, basi lako ni kesho asubuhi, na mimi niko hapa kibandani nyuma ya meza. Simu za watu zinachaji, jenereta inanguruma, nimepata nafasi. Ana kwa ana tutaishia kubishana, si unatujua.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha yetu ya kusemana ukweli. Wateja tunawajibu kwa Kiarabu cha Juba, kanisani ni Kibari, na mimi na wewe tangu tukiwa Kitale ni Kiswahili tu. Unakumbuka tulivyokuwa tukiwasengenya wateja humu ndani tukidhani ni siri? Kumbe nusu ya mtaa wetu wa New Site imelelewa Kenya na nusu nyingine imetoka Uganda. Aibu zetu zote zinajulikana.

Sitakwambia uchemshe maji. Sitakwambia ufunge mlango mara mbili, wala usipokee soda ya mtu usiyemjua. Hayo nimeyasema tangu Jumapili mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Leo nataka tuzungumze juu ya pawa saplai.

Najua umecheka. Cheka tu, lakini endelea kusoma.

Miaka miwili iliyopita mimi sikujua hata kama kitu hicho kina jina. Nilikiita lile boksi lenye feni. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba boksi hilo ndilo linalopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wenzake wote humo ndani ya kompyuta, kila mmoja kwa kiasi chake, na kwamba likiwa bovu linaweza kufa peke yake au likaondoka na nyumba nzima. Nikakwambia, basi hilo ni mama wa nyumba. Ukasema, "Mama, usianze."

Na ndicho kitu pekee kilichobaki kununuliwa. Kadi ya grafiki unayo, umeifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Prosesa unayo, na kasha lenye kioo pembeni unalo. Kimoja kimoja umevipata kwa mapato ya chumba chako cha gemu hapa nyuma ya kibanda, na mimi nimekuona ukikataa viatu vipya sikukuu mbili. Wale watu wa Kampala wanaotengeneza gemu wamekupa miezi mitatu ya majaribio, na kila mgeni anakuja na kompyuta yake mwenyewe. Mashine ikikushinda, kiti anapewa mwingine. Walikwambia hivyo bila kuzungusha maneno, nami nilikuwa nimesimama nyuma yako nikisikia, mkono mdomoni. Kwa hiyo boksi hili moja likichaguliwa vibaya, si kompyuta tu itakayoungua.

Sasa turudi Jumanne, ile jioni ya ugali wa asida na samaki. Ulisema utanunua ya wati mia sita na hamsini, ya kampuni inayoaminika. Mimi nikasema elfu moja, si chini ya hapo. Ukachukua simu ukanionyesha picha ya karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawa saplai. Ukasema, "Mama, usisome hii namba kubwa. Soma jedwali dogo hapa chini, mstari wa volti kumi na mbili. Kompyuta ya gemu inakula hapo. Zidisha kumi na mbili kwa ampea zilizoandikwa, ndiyo utajua ina nguvu gani kweli." Nikakwambia samaki anapoa. Ukasema, "Mama, hii si jenereta." Hapo ndipo nilipokasirika. Nilikasirika sana, Poni, maana ulikuwa umegusa penyewe.

Unajua kwa nini nalipenda kubwa. Lakini nadhani hujawahi kuisikia hadithi ile kutoka upande wangu, kwa hiyo acha nikusimulie.

Ulikuwa na miaka kumi au kumi na moja. Nilikuwa nimenunua jenereta yetu ya kwanza ya maana, na kichwa kikavimba. Nikaanza kuwauzia majirani laini. Kinyozi laini, yule wa soda na friji yake laini, na Nakato, ndiyo kwanza amefungua saluni yake hapo ukutani kwetu, naye nikampa laini. Siku ya fainali ya mpira nikaweka televisheni nje na mabenchi ya kanisa. Nikakaa na kalamu nikajumlisha kilichoandikwa kwenye kila mashine, na jumla ikatoka sawasawa na kilichoandikwa kwenye jenereta. Sawasawa kabisa! Niliona kama Mungu mwenyewe amenisaidia hesabu. Wewe ulikuwa umekaa juu ya kreti ya soda, ukaniambia, "Mama, umezihesabu zikiwa zimeshatulia. Friji ikiamka inavuta zaidi." Nikakwambia nenda ukaoshe vikombe.

Friji ikaamka. Na Nakato naye, kwa bahati yake, akawasha ile mashine ya kukaushia nywele kwa ajili ya bibi harusi, wakati uleule mtu amesimama kupiga penalti. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Weee! Sijawahi kusikia wanaume wakilia namna ile. Mmoja wa kambi ya jeshi ya Bilpam, askari mzima, alishika kichwa akakaa chini kwenye vumbi. Bibi harusi akatoka nje upande mmoja wa nywele umelala na mwingine umesimama, akiniita jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Hakuna aliyejua penalti iliingia au haikuingia mpaka mtu akapiga simu Yei.

Tangu siku ile mimi ni mtu wa kubwa. Kubwa kuliko inavyohitajika, na kubwa tena juu ya hiyo. Nilipata somo la kweli kwamba mashine usiipakie mpaka shingoni, uiachie pumzi, maana saa ya kuamka kila kitu kinaomba zaidi. Hilo naona hata wewe unalikubali, kwa sababu hesabu yako ya mia sita na hamsini imeacha nafasi. Tatizo langu ni kwamba somo moja nililigeuza kuwa dini. Nikaacha kuuliza kubwa hiyo ni ya nani, na ni ya kweli au ya kuandikwa tu.

Ngoja, mteja.

Nimerudi. Alikuwa yule wa simu tatu, anataka zote zijae kwa nusu saa, na bado anauliza kwa nini hakuna kiti. Malesh, samahani, nimemwambia, kiti kimesafiri.

Basi. Jumatano, kesho yake baada ya ule ugomvi wetu, nikaondoka asubuhi nikikwambia naenda kutafuta mafuta ya jenereta. Sikuenda kutafuta mafuta. Nilienda sokoni kukununulia pawa saplai. Nilijiambia, nitamwonyesha huyu mtoto. Nitaiweka juu ya begi lake ikiwa na utepe, elfu moja nzima, aone mama yake ni nani.

Unajua sisi watu wa soko tunavyonunua kitu cha umeme. Hatusomi, tunabeba. Betri ya sola tunaibeba, inverta tunaibeba, stabilaiza tunaibeba, tunaitikisa kidogo karibu na sikio, halafu tunatoa hukumu: hii ina shaba, hii ni bati tupu. Mimi mkono wangu una sifa mtaa mzima. Mara ngapi umeona akina mama wakiniita niwabebee betri kabla hawajalipa? Na mkono huu haukuwahi kuniangusha, maana betri nzito kweli ina risasi ndani, na transfoma nzito kweli ina shaba.

Muuzaji alikuwa na maboksi mengi yamepangwa hadi darini. Akasema, "Chagua mwenyewe, mama." Nikabeba ya kwanza, nyepesi. Ya pili nayo, nikaitazama kwa huruma nikairudisha. Kulikuwa na moja ndogo nyeusi, haina mapambo, imeandikwa mia sita na hamsini, nayo sikuigusa hata kidogo, maana ilikuwa inasema maneno yako. Halafu nikabeba moja, lo! Mkono ulishuka wenyewe. Nje imeandikwa elfu moja kwa herufi nyekundu, ina stika ya dhahabu, na ukiitazama tu unajua feni yake itawaka taa za zambarau. "Hii ndiyo yenyewe," nikasema. Muuzaji akatikisa kichwa kwa heshima, akasema, "Mama, wewe unajua vitu." Poni, mtu akikwambia unajua vitu wakati pochi yako bado iko wazi, funga pochi uende zako.

Nikaificha chini ya magunia ya mkaa. Alhamisi ulipokwenda mjini kumalizia karatasi za safari, nikaona niijaribu kwanza, nisije nikakupa kitu sijakiona kikiwaka. Nikaingia chumba cha gemu, kwa ile kompyuta kuukuu ambayo watoto wanaiita Jidu, yaani babu. Nimekuona mara nyingi ukifungua zile skrubu nne za nyuma. Nikatoa boksi la zamani, nikaweka langu. Nyaya zenyewe zina adabu, kila moja inakubali kwake tu. Nilichukua muda kuliko wewe, na nilitoa jasho, lakini nilimaliza, na nilijisikia kama injinia.

Jidu akawaka! Zile taa za zambarau zikamulika chumba kama ukumbi wa arusi. Watoto wawili waliokuwa wakisubiri mlangoni wakapiga makofi, na mimi, nakwambia ukweli, nilicheza kidogo. Nikasema sasa tumpe kazi. Nikafungua ule mchezo wa mpira. Uwanja ukatokea, wachezaji wakapanga mstari, na kadi ya Jidu ikaomba chakula chake.

Pah!

Poni, sijui niieleze vipi sauti ile. Ilifuatwa na harufu ya nywele, plastiki na dhambi. "Nar! Nar!" watoto wakakimbia wakipiga kelele, na kwa Kiarabu au kwa lugha yoyote moto ni moto. Nikachomoa waya ukutani. Nikageuka, namwona Nakato anakuja mbio na beseni la maji ya kuoshea nywele, yana mapovu, anataka kummwagia Jidu. Nikasimama mlangoni mikono nimeitanua kama golikipa. "Nakato, si maji! Ni umeme!" Akasimama ghafla, maji yakanimwagikia mimi. Nilinukia shampuu mpaka jioni.

Tuliiacha ile pawa saplai ipoe hadi kesho yake, maana uliniambia zamani kwamba vitu vile huficha umeme tumboni hata ukivichomoa. Ijumaa ulipokuwa bado umelala tukaifungua, mimi na Nakato, uani. Upande mmoja kulikuwa na transfoma ndogo, ndogo kama kibiriti, na nyaya nyembamba za kusikitisha. Na upande wa pili, mwanangu, kulikuwa na kipande cha simiti. Simiti! Kimemwagwa vizuri, kimelainishwa kingo, kimepakwa rangi nyeusi na kugandishwa kwa gundi. Fundi aliyekimwaga alikuwa na mkono mzuri, angeweza kujenga.

Nakato alikiangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Mama Poni, wewe iko nanunua nyumba pole pole! Leo simiti, kesho mabati." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tulicheka mpaka mteja akaondoka na simu yake bila kulipa, na hata hatukuinuka.

Baadaye nikachukua miwani nikasoma lile jedwali dogo ulilotaka nilisome siku ya samaki. Mstari wa volti kumi na mbili: ampea kumi na nane. Nikazidisha kama ulivyosema. Wati mia mbili na kumi na sita. Elfu nzima ilikuwa kwenye zile herufi nyekundu tu. Wala hawakunificha, Poni, waliandika wenyewe pale chini kwa herufi za sisimizi, na mimi nilikuwa na macho mawili na binti wa kunisomea.

Jidu mzima, usiwe na wasiwasi. Nilimrudishia boksi lake la zamani, akakohoa, akaamka. Ile Alhamisi uliporudi ukasimama mlangoni ukanusa, ukauliza, "Mama, ni nini kimeungua?" Nikasema samaki. Ukatazama jiko. Jiko lilikuwa baridi, na sufuria iko juu ya kabati. Ukaniangalia kidogo, ukasema, "Pole," ukaenda kuoga. Sijui kama ulijua. Kama ulijua ukanyamaza, basi asante, na kama hukujua, sasa unajua, na samaki hana hatia.

Nimelifikiria jambo hili kuliko lilivyostahili. Muuzaji yule nilimlaani siku nzima, kisha hasira ikapungua nikaona kitu. Hakusema uongo mwingi. Mimi nilikwenda natafuta uzito, na mtu fulani mbali huko, ambaye hajawahi kuniona, anajua kwamba kuna wanawake kama mimi wanaonunua kwa mkono, akanitengenezea uzito. Mkono wangu si mjinga. Ila umeshajulikana. Sijui niliseme vipi bila kuonekana nimepanda mimbarini, lakini huko uendako nawe una mkono wako. Una jicho la kujua mchoro mzuri, una sikio la kujua mtu mkweli. Siku moja utakutana na kitu kilichotengenezwa kuingia sawasawa kwenye jicho hilo. Hapo ndipo ufungue kitu uangalie ndani, hasa pale unapokuwa na uhakika kabisa.

Na wanaume pia. Kijana akija na stika ya dhahabu akakwambia ana wati elfu, mwombe jedwali dogo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na cha kwangu kilijitembeza na taa za zambarau.

Tangu Alhamisi nimekuwa mtaalamu, usinicheke. Natazama kwenye simu zile video za vijana wanaofungua pawa saplai na kuzitesa. Kiingereza chao kinakimbia, siwapati, lakini naangalia nyuso. Kijana akiifungua akakunja pua, najua hiyo si ya kununua. Nilikuwa pia nimekufungia zile nyaya ndefu nzuri zilizobaki kutoka ile pawa saplai ya rafiki yako, nikidhani zitakufaa. Halafu nikakumbuka ulivyosema, kwamba nyaya za moja usizichomeke kwa nyingine hata kama zinaingia, maana ndani zimepangwa tofauti na zinaweza kuchoma kila kitu. Nimezitoa begini. Ukiona nafasi kwenye begi, ni hiyo, na nimeijaza karanga.

Ushauri wangu mwenyewe umebaki mmoja, na huu nimeulipia kwa moshi. Ukishamaliza kusoma majedwali yako yote, mtazame muuzaji usoni umuulize: ikifa mwezi ujao, narudi kwako au nalia peke yangu? Usisikilize jibu, tazama uso. Na mwambie aiwashe mbele yako. Mwenye kitu kizuri haoni haya kukiwasha.

Kuna watu watakaokwambia mchagua jembe si mkulima. Nyanya yako huenda amekwambia leo, maana anakuona wiki ya tatu unalinganisha maboksi. Mimi nilikuwa nausema msemo huo sana. Lakini nimechimba na jembe bovu, nami nakwambia chagua jembe lako polepole, mtu akikosa subira mpe kiti akae.

Baba yako nimempigia jana. Yuko njiani na lori, ametoka Wau, barabara imemkalisha tena na hatawahi kukuaga, na hilo linamuuma ingawa anajifanya hapana. Nilimwambia habari ya simiti. Alicheka hadi simu ikakatika. Alipopiga tena akasema, "Mwachie mtoto achague, mama yake." Nikamwambia nimeshamwachia. Akaniuliza, "Kweli?" Nikamuuliza lori limekwama wapi, kwa sababu nilikuwa sijamwachia bado.

Poni, nitakwambia kwa nini niling'ang'ana hivyo, na baada ya hapo tutakuwa tumemaliza.

Nililitazama lile begi lako siku ya Jumatatu. Ulikuwa ukinipangia vitu vyako kitandani, ukinieleza hiki ni cha nini na kile ni cha nini, uso ukikung'aa. Nilikuwa naitikia, ndiyo, ndiyo, na moyoni nikawa natafuta kitu kimoja nilichokichagua mimi. Hakukuwa na kitu. Kadi umeichagua mwenyewe, prosesa mwenyewe, hata nguo. Kwa miaka kumi na tisa nilikuchagulia maji ya kunywa, shule, njia ya kwenda kisimani na watu wa kucheza nao. Siku ile nikaona kazi yangu imekwisha bila mtu kuniambia kwaheri. Nikalishika hilo boksi la mwisho lililobaki kama mtu anayeshika mlango wa gari linaloondoka. Nilitaka kule Kampala, kila utakapobonyeza kile kitufe, umeme upite kwangu kwanza. Upumbavu wa mama, lakini ndivyo nilivyohisi, na bado nahisi hivyo ninapoandika.

Sasa nimeachia. Khalas, imekwisha. Nunua ile mia sita na hamsini yako isiyo na mapambo. Wewe uliona friji itaamka ukiwa umekaa juu ya kreti, na mimi nikakutuma vikombe. Sitakutuma vikombe tena.

Nakuomba kitu kimoja tu. Ukifika dukani huko Kampala, nipigie ya video. Ipanguse kamera uniweke juu ya kaunta, niegemeze kwenye chochote, halafu endelea na kazi yako. Sitasema neno. Sawa, nitajaribu kutosema neno. Nataka tu kukuona unasoma yale maandishi madogo, unakunja kipaji cha uso kama unavyokunja, unakataa moja, unakataa nyingine, unakubali. Nataka kuiona saa hiyo.

Ukishaifunga ukaiwasha, ikikubali, furahi na wenzako kwanza, mimi utanipigia kesho yake. Ikikataa, au ikitoa moshi, au wale watu wakisema kiti amepewa mwingine, usikae peke yako ukitafuta maneno ya kuniambia, wala usiniambie ni samaki. Nipigie kabla hujaanza kulia. Na ukiwa umeshaanza, nipigie hivyo hivyo unalia.

Mama yako